Istilahi za Shehena Maalumu: Lugha ya Dereva Mkongwe na Dereva Mgeni

Mtafsiri anayepewa kitabu cha maelekezo ya uchukuzi wa barabarani ili akitie katika Kiswahili hukutana na tatizo ambalo kamusi peke yake haiwezi kulitatua. Maneno kama lori, tela, breki, tairi na turubai yamekwisha kuzoeleka, wala hayamsumbui. Lakini afikapo kwenye sura inayoeleza namna ya kuchukua mizigo isiyo ya kila siku, mathalan petroli, asidi, shaba, maziwa ya tangini, ng'ombe wazima, au mtambo uliozidi upana wa tela lenyewe, kalamu yake husita. Aghalabu huishia kubuni neno refu ambalo halijapata kutamkwa na dereva yeyote.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba lugha ya kuelezea mambo hayo ipo, na kwamba wanaoitunza ni madereva wakongwe ambao huwaelekeza wenzao wageni kila shehena mpya inapotokea. Tutaonyesha pia kwamba istilahi katika uwanja huu ina kazi ya agizo. Mgeni anapoisikia, ama humwongoza atende lililo sahihi, ama humpotosha. Kwa hiyo neno lililo zuri kitabuni lakini linalompotosha mtu barabarani halistahili kusanifishwa.

1. Shehena maalumu ni ipi?

Neno shehena tumelirithi kutoka majahazini. Wenye vyombo vya baharini walijua tangu kale kwamba mzigo hauhesabiwi kwa uzito wake tu, bali pia kwa mahali ulipokaa na namna unavyotulia. Chombo kilichokuwa chepesi mno kilitiwa farumi, yaani vitu vizito vya kukituliza, kisije kikapinduka. Dhana hiyo haikubadilika shehena ilipohamia barabarani.

Kwa madhumuni ya makala haya, shehena maalumu ni mzigo ambao, kwa sababu ya asili yake, ukubwa wake au mwenendo wake uwapo safarini, humlazimu dereva kuufunga, kuuendesha au kuupakua kwa namna tofauti na ile aliyoizoea. Katika maelezo hayo, msomaji atazame neno "aliyoizoea". Dereva aliyechukua petroli kwa miaka kumi ni mgeni siku anapopakiwa shaba, na yule wa shaba ni mgeni siku anapokabidhiwa ng'ombe. Ukongwe, basi, hutegemea shehena kama unavyotegemea umri.

Historia ya eneo letu yatoa mfano ulio wazi. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia yake ya kusini ya kupatia mafuta. Malori yakaanza kupanda kutoka Dar es Salaam yakiwa na mapipa ya mafuta, na kurudi yakiwa na shaba, katika barabara ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya hapo, lori moja lilichukua shehena mbili zisizofanana hata kidogo, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Hapakuwa na budi dereva mmoja amfundishe mwingine.

2. Elimu ya njiani

Elimu hiyo hutolewa mahali pa kusubiri: kwenye foleni ya mizani, kwenye maegesho ya mpakani, chini ya tela wakati tairi linapobadilishwa. Aliyeanza kazi akiwa utingo huisikia kwa miaka kabla ya kushika usukani. Anayeingia kazini kwa leseni peke yake huisikia kwa mara ya kwanza siku ile anapopakiwa mzigo asioujua.

Tukiisikiliza kwa makini lugha ya mafunzo hayo, tutaona kwamba imejaa vitenzi. Mkongwe hamwambii mgeni jina la kanuni. Humwambia kwamba mzigo umelalia kushoto, kwamba utamsukuma akikanyaga breki ghafla, kwamba kamba hulegea baada ya mwendo mfupi wa kwanza na kwa hiyo asimame akaze upya. Mtafsiri, kwa upande wake, huvutwa na nomino, kwa kuwa kitabu anachokitafsiri kimejaa nomino. Hapo ndipo Kiswahili chake kinapopoteza uhai. Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa vitenzi vinyambulishwaji kama vile shika, shikilia, shikamana, egemea, egemeza, lalia na sukasuka, na kila kimoja chaeleza jambo ambalo mzigo hulifanya au hufanyiwa. Kuviacha na kutafuta nomino ngeni ni kutupa mali tuliyo nayo.

3. Neno "tupu"

Mfano wa kwanza wa neno lipotoshalo ni dogo na la kawaida sana. Tangi likimaliza kupakuliwa petroli, sote husema kwamba ni tupu. Kwa dereva wa mchanga au wa mahindi neno hilo halina madhara, kwani tela tupu halina jambo ndani yake. Lakini tangi lililomwagwa petroli bila kusafishwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo waweza kulipuka kwa cheche moja. Petroli yenyewe, ingali kiowevu, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Kwa hiyo tangi "tupu" laweza kuwa la hatari kuliko tangi lililojaa.

Jambo hili lilipata kuelezwa na mtaalamu wa lugha wa Marekani, Benjamin Lee Whorf, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya bima ya moto. Katika makala aliyoiandika mwaka 1939 na kuchapishwa mwaka 1941, alieleza jinsi watu walivyojihadhari karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini wakazembea na hata kuvuta sigara karibu na yale yaliyoitwa matupu. Neno liliwaambia kwamba hamna kitu, nao wakaliamini.

Kiswahili kina mtego uleule. Dereva mkongwe huutegua kwa kumkataza mgeni asichomelee vyuma wala asivute sigara karibu na tangi, hata kama mita yaonyesha sifuri. Sisi wa istilahi tungeutegua kwa kutofautisha tangi lililopakuliwa, ambalo bado lina mvuke, na tangi lililosafishwa, ambalo limeondolewa mvuke na kupimwa. Neno tupu liondolewe kabisa katika maandishi ya usalama.

4. Kiowevu kinachosukuma

Tangi likiwa limejaa nusu, kiowevu kilichomo hupata nafasi ya kwenda na kurudi. Dereva akifunga breki, gari hupungua mwendo lakini kiowevu huendelea mbele, kikaupiga ukuta wa tangi na kulisukuma lori. Katika kona kiowevu hupanda upande wa nje, nalo tangi, ambalo kwa kawaida limekaa juu, huinama. Ndiyo maana mkataba wa Ulaya kuhusu uchukuzi wa vitu vya hatari, uliosainiwa Geneva mwaka 1957, umeweka sharti kwamba tangi la viowevu ambalo halikugawanywa ndani katika sehemu zisizozidi lita 7,500 lijazwe si chini ya asilimia 80 au si zaidi ya asilimia 20.

Hapa mgeni hudanganywa na hesabu yake mwenyewe: mzigo nusu, hatari nusu. Mkongwe humwonya kwamba nusu ndiyo mbaya. Humwonya pia kwamba matangi hayafanani. Matangi mengi ya mafuta yana kuta za ndani zenye matundu za kuvunja nguvu ya mawimbi, lakini matangi ya maziwa na ya vyakula vingine aghalabu hayana, kwa sababu kuta hizo huzuia usafishaji. Aliyezoea petroli akihamia kwenye maziwa akaendesha vilevile, atasukumwa kwa nguvu asiyoitarajia, hata baada ya gari kusimama.

Tunapendekeza msukumo huo uitwe kumbo la shehena. Neno kumbo lajulikana na kila mtu aliyepata kupigwa kumbo sokoni au kwenye mlango wa basi. Ni msukumo wa ghafla, wa mwili mzima, unaokuja kutoka mahali usipopatazama. Dereva mgeni akiambiwa ajihadhari na kumbo, hahitaji maelezo marefu. Kuta za ndani nazo ziitwe viambaza vya tangi, kwani kiambaza ni neno la kale la ukuta wa nyumba, na tangi lililogawanywa ni kama nyumba yenye vyumba.

5. Ukubwa na uzito

Tukiacha viowevu, shaba yatupatia funzo la namna nyingine. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Kwa hiyo tani 27 za shaba zingetosha katika nafasi ya mita 3 tu za ujazo. Mgeni anayetazama tela lake huona mafungu machache mafupi ya mabamba na uwanja mkubwa uliobaki wazi, akadhani kwamba mzigo ni mdogo. Na kwa Kiswahili hakosei kuuita mdogo, maana neno hilo hubeba ukubwa na uzito kwa pamoja.

Makosa mawili hufuata. La kwanza ni kuurundika mzigo mahali pamoja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, lakini imeweka pia kikomo kwa kila fungu la ekseli. Gari laweza kuwa halali kwa jumla na likakamatwa mizanini kwa ekseli moja iliyolemewa. La pili ni kudhani kwamba kitu kizito hakihitaji kufungwa kwa kuwa kimejikalia. Kanuni za ufungaji zitumikazo Ulaya hutaka mzigo uzuiliwe usiende mbele kwa nguvu iliyo sawa na sehemu 8 katika 10 za uzito wake, na sehemu 5 katika 10 kwa pembeni na kwa nyuma. Mzigo wa tani 10 wahitaji kizuizi cha mbele cha nguvu ya tani 8. Lori la shaba linaloteremka Kitonga kuelekea Dar es Salaam lina mlima mzima wa kulikumbusha dereva kanuni hiyo.

Twashauri walimu na waandishi waepuke maneno mzigo mdogo na mzigo mkubwa katika mafunzo ya uchukuzi. Waseme mzigo mzito, mzigo mwepesi, mzigo mrefu, mzigo mpana. Kwa sababu hiyohiyo, mtambo au nguzo zinazotokeza nje ya tela ziitwe mzigo uliozidi vipimo, badala ya mzigo usio wa kawaida. Jina la kwanza humwelekeza dereva, askari na karani wa vibali kwenye jambo la kupimwa. La pili humwacha kila mmoja akijiuliza kawaida ni ipi.

6. Kinachowaka na kinachoshika moto

Vibao vya tahadhari navyo vina mitego yake. Katika Kiingereza, neno la zamani la kitu kinachoweza kuwaka lilianza kwa kiambishi ambacho wasomaji wengi walikidhania kuwa ni cha kukanusha, wakaelewa kwamba kitu hicho hakiwaki. Tangu miaka ya 1920 wataalamu wa kuzuia moto wa Marekani walihimiza kiambishi hicho kiachwe. Lugha yenye mamilioni ya wasemaji ilikubali kurekebisha neno lake kwa ajili ya usalama, na hakuna aibu katika kuiga mfano huo.

Katika Kiswahili, tukiandika "gesi inayowaka", msomaji ana haki ya kuelewa kwamba gesi hiyo inawaka wakati huohuo. Asipoona miali ya moto, huona kwamba kibao hakimhusu. Ni bora tuandike "gesi inayoshika moto upesi", maneno yasiyo na utata na ambayo hata mtoto huyaelewa. Kwa vitu vinavyounguza ngozi na kula chuma, kama asidi ya salfuriki, neno babuzi lafaa sana, kwani limetokana na kubabua, yaani kuunguza hata ngozi ikachubuka. Humweleza msikilizaji madhara yatakayompata yeye mwenyewe.

Pale ambapo maneno hayatoshi, tarakimu husaidia. Nambari zenye tarakimu nne za Umoja wa Mataifa hutambulisha vitu vya hatari popote vilipo: 1202 ni dizeli, 1203 ni petroli, 1830 ni asidi ya salfuriki. Katika utaratibu wa mkataba wa Ulaya tulioutaja, bamba la rangi ya chungwa huwa na nambari mbili. Ya chini ni jina la kitu na ya juu ni hatari yake. Tarakimu 3 ni kiowevu kinachoshika moto, 8 ni babuzi, na tarakimu ikirudiwa hatari imezidi. Ndiyo sababu dizeli hupewa 30 na petroli 33. Herufi X ikitangulia, maana yake ni kwamba kitu hicho hakipatani na maji. Msemaji wa Kiswahili hatashangazwa na kurudia huku, kwa maana hata sisi tukitaka kutia mkazo twasema haraka haraka na mbali mbali.

7. Mvuke, na watu walio kando ya barabara

Tumelibakiza mwisho neno lenye uzito kuliko yote. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo nchini Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 jingine lilipinduka Sange, katika Kivu ya Kusini nchini Kongo. Tarehe 10 Agosti 2019 jingine likapinduka Msamvu, mjini Morogoro. Katika kila ajali watu walikusanyika, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100; huko Sange walizidi 200. Mahali pote patatu Kiswahili ni lugha inayosikika.

Hatusemi kwamba neno moja lingewaokoa wote. Ufukara ulikuwa na sehemu yake, na mtu anayeona mafuta yakimwagika bure huona riziki. Lakini yafaa tujiulize, dereva aliyetoka salama katika lori lililopinduka awaambie watu neno gani? Akisema "hatari", neno hilo limeandikwa kwenye kila nguzo ya umeme. Akisema "moto", watu hutazama na hawauoni. Akisema "mvuke", wengi hukumbuka mvuke wa chungu cha wali, ambao hupanda juu na kupotea bila kumdhuru mtu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Hutambaa chini, hufuata mtaro na bonde, na hutoka hata katika baridi kali. Waweza kuufikia moto ulio mbali na lori, kisha moto ukarudi nao.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mvuke mzito, na twapendekeza ifundishwe pamoja na kitenzi chake, kutambaa. Mwalimu wa sayansi anayefundisha kwamba mvuke hupanda hana budi kuongeza somo la pili, la mvuke unaotambaa. Dereva mkongwe anayemkabidhi mgeni lori la petroli amfundishe jinsi ya kuendesha, na amfundishe pia maneno ya kuwaambia watu ajali ikitokea: ondokeni, mvuke unatambaa, haujaonekana lakini umewafikia.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twawawekea wasomaji maneno haya ili wayajaribu na kuyatolea maoni:

Shehena maalumu: mzigo unaomlazimu dereva kuacha mazoea yake.
Kumbo la shehena: msukumo wa kiowevu au mzigo mwingine unaoendelea kwenda gari linapopunguza mwendo au kukata kona.
Kiambaza cha tangi: ukuta wa ndani unaogawa tangi au kuvunja mawimbi.
Tangi lililopakuliwa: tangi lililotolewa kiowevu, lenye mvuke bado.
Tangi lililosafishwa: tangi lililoondolewa mvuke na kuthibitishwa kwa kupimwa.
Mzigo uliozidi vipimo: mzigo unaopita urefu, upana, kimo au uzito unaoruhusiwa.
-enye kushika moto upesi: sifa ya kitu kinachoweza kuwaka kwa cheche ndogo.
Babuzi: sifa ya kitu kinachounguza ngozi na kula chuma.
Mvuke mzito: mvuke unaotambaa chini kwa kuwa ni mzito kuliko hewa.

Katika kuyachagua tumetumia vipimo vitatu, ambavyo twaamini vyafaa pia katika kazi nyingine za hatari kama vile migodini na viwandani. Kwanza, neno lieleze kitu kinatenda nini. Pili, lisiwe na maana nyingine ya kila siku inayompumbaza msikilizaji. Tatu, liweze kutamkwa kwa sauti kubwa, na mtu aliyechoka, penye kelele za injini, na bado likaeleweka.

Watafsiri wanaoandika vitabu vya maelekezo twawaomba waende kwenye maegesho na mizani kabla ya kwenda kwenye kamusi, wamsikilize mkongwe anapomkabidhi mgeni shehena asiyoijua, na wayaandike maneno yake kama alivyoyatamka. Walimu wa vyuo vya udereva wayafundishe maneno hayo kwa vitendo. Watumishi wa serikali wanaotoa vibali na kuidhinisha vibao wakumbuke kwamba msomaji wao wa mwisho ni mtu mmoja, usiku, katika mteremko, mwenye tani nyingi nyuma ya kichwa cha lori lake. Neno alilopewa mapema na mwenzake ndilo atakalolitegemea hapo, nasi twawajibika kuona kwamba ni neno la kweli.